Nilipe elfu hamsini kupimwa kipaji?

Shikamoo Shangazi. Nimemaliza kidato cha sita, nipo Mafinga namsaidia mama duka la pembejeo. Jamaa mmoja anataka 50,000 anipime kipaji nijue kozi ya kuomba. Nilipe?
– Binti wa Mafinga

Marahaba mwanangu. Hela ibaki kwenye droo ya mama. Ingia viacharacter.org, jisajili kwa barua pepe, ujibu maswali. Utapangiwa sifa zako 24 za tabia kuanzia ya juu kabisa, bure. Ripoti ndefu wanaiuza, ipite tu. Halafu kuna O*NET Interest Profiler ya Wizara ya Kazi ya Marekani: maswali 60, hata kujisajili hakuna. Hiyo hupima unachopenda, siyo unachoweza, na mishahara inayotajwa ni ya kwao, usije ukaota.

Ila duka nalo linakupima. Mkulima akileta jani la mahindi lililotobolewa na viwavi, unakimbilia kumweleza dawa au kufungua daftari la madeni? Waulize wateja wa kila siku, watakwambia bila kupepesa. Kisha pakua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), nao bure, uone tahasusi yako inaruhusu kozi zipi.