Nilifunga kizazi, sasa mkojo unanisumbua na ndugu wanamlaumu mke wangu

*Dada, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 54, naishi Mwanza. Mwaka 2012 mke wangu alijifungua kwa kisu mara ya tatu, daktari akatuambia mimba nyingine itahatarisha maisha yake. Nikaamua mimi ndiye nifunge kizazi. Hatukumwambia mtu.*

*Tangu mwaka jana mkojo unanitesa. Usiku naamka mara nne. Nikifika chooni nashika ukuta, nasubiri, unatoka kidogo, unakatika, unaanza tena. Nilipozidiwa nikamweleza kaka yangu mkubwa, na siri ya kufunga nikamtolea. Akasema mbegu zimeganda ndani zimeziba kibofu, na kwamba mwanamke ndiye kaniponza. Habari zimefika kwa mama. Siku hizi mke wangu akienda pale salamu yake haiitikiwi. Kaka kaniletea unga wa mizizi wa kuzibua, naunywa. Marehemu baba yetu naye alifariki akiwa na mpira wa mkojo, lakini kaka anasema ya baba yalikuwa uzee, yangu nimejitakia. Dada, nikifunguliwa mirija nitapona?*

*Baba Watatu*

Baba Watatu, kaka yangu, pole sana. Nimeisoma barua yako, na jibu la swali lako ni hapana. Kufunguliwa mirija hakutauletea mkojo wako nafuu yoyote, kwa kuwa si mirija ile iliyouzuia. Ni upasuaji mrefu, wa gharama, na ukitoka pale utarudi kushika ukuta uleule.

Naomba unifuate polepole hapa, maana fitina yote nyumbani kwenu imejengwa juu ya kutojua njia hizi zinapita wapi. Mkojo unakaa kwenye kibofu, chini ya kitovu. Ukitoka humo unashuka kwa mrija mmoja, na mara tu mrija huo unapoanza, unapita katikati ya tezi dume. Mbegu zina safari yake. Zinatoka kwenye korodani, zinapanda kwa mirija miwili myembamba, zinazunguka nyuma ya kibofu na kuja kukutana na njia ya mkojo ndani ya hiyo tezi. Alipokufunga, daktari alikuchoma ganzi kwenye mfuko wa korodani na kuikata mirija hapo hapo mwanzoni mwa safari. Kibofu hakukigusa. Tezi dume hakuifikia.

Na mbegu haziwezi kuganda zikaziba kitu. Korodani zinaendelea kuzitengeneza, zikikosa pa kwenda zinavunjika na mwili unazifyonza, kama unavyofanya kwa mbegu zinazozeeka ndani ya mwanaume yeyote. Yale majimaji unayoyaona wakati wa tendo yanatoka zaidi kwenye tezi dume na vifuko vilivyo nyuma ya kibofu. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno, asilimia 2 mpaka 5 hivi. Ndiyo maana tangu 2012 hukuona tofauti. Homoni za kiume nazo zinasafiri kwa damu, hazitumii mirija hiyo.

Sitakuficha kwamba kufunga kizazi kuna madhara yake. Wapo wanaovimba au kuvia damu siku za mwanzo, na katika kila wanaume 100, mmoja au wawili hubaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu. Ungeniandikia kwamba korodani zinauma, ningekuwa na maneno mengine. Wewe unalalamikia mkojo.

Huenda utasikia pia kwamba kufunga kunaleta saratani ya tezi dume. Maneno hayo hayakuzuka mtaani tu, yana historia. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitoa taarifa kwamba waliofunga walionekana kupata saratani hiyo zaidi, na mwaka 2014 utafiti mwingine wa huko huko ukaona ongezeko la asilimia 10. Mwaka 2016 Shirika la Saratani la Marekani likachapisha uchunguzi wa wanaume zaidi ya 363,000 na halikuona kwamba waliofunga wanakufa zaidi kwa saratani hiyo. Mwaka uliofuata zikakusanywa tafiti 53 kwa pamoja, na uhusiano uliobaki ulikuwa hafifu mno. Utafiti mkubwa wa Denmark uliokuja baadaye uliona tena ongezeko dogo, asilimia 15 hivi. Maana yake ni kwamba kama kundi fulani la wanaume lingetoa wagonjwa 20, waliofunga wangetoa 23. Na hata hao watatu wanabishaniwa, kwa sababu mwanaume aliyewahi kwenda hospitali kufunga ni mtu anayezoea kwenda kupima, na anayepima ndiye anayegunduliwa. Hofu hii isikunyime usingizi. Kuna jambo jingine ndani ya barua yako linalonitia wasiwasi zaidi.

Jambo hilo ni baba yako. Baba hakufunga kizazi, au siyo? Na bado alifariki na mpira wa mkojo. Kaka yako ameiona dalili moja kwa watu wawili wa damu moja, ya mmoja akaiita uzee, ya mwingine akamtwika mkeo.

Unayoyaeleza, kaka yangu, yanafanana sana na tezi dume iliyokua. Tezi ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Umri unavyosogea inanenepa, na kwa kuwa mrija wa mkojo unapita katikati yake, unabanwa. Kati ya miaka 51 na 60, karibu nusu ya wanaume wana ukuaji huo, waliofunga na wasiofunga. Mara nyingi si saratani. Lakini kwa simulizi na kwa barua hakuna anayeweza kukuhakikishia si saratani, ndiyo maana nataka upimwe. Waulize wakubwa hospitali ilisemaje kuhusu baba. Mwanaume ambaye baba yake au kaka yake alipata saratani ya tezi dume yuko kwenye hatari kama mara mbili ya mwingine, na sisi wenye asili ya Kiafrika hatari yetu iko juu hata bila hilo.

Nenda hospitali yenye daktari wa njia ya mkojo. Hapo Mwanza mnayo Bugando, huna haja ya kufunga safari. Atataka mkojo wako, sukari yako, kipimo cha figo, na picha ya ultrasaundi kuona tezi ina ukubwa gani na mkojo kiasi gani unabaki ukishamaliza. Usishangae habari ya sukari, kisukari nacho huwaamsha watu usiku. Na kwa mtu wa kanda ya ziwa, mwambie daktari kama uliwahi kuugua kichocho au kukojoa damu utotoni. Kama ujanani ulipata kisonono usione haya kukitaja, kwa sababu kovu lake linaweza kuubana mrija.

Utapimwa damu pia kuangalia kiwango cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Kikiwa juu usianze kuandika wosia. Tezi iliyokua tu, au maambukizi, au hata kukutana na mkeo siku iliyotangulia, vinaweza kukipandisha, kwa hiyo jizuie siku mbili kabla. Najua wanaume wengi wanakimbia kwa kuogopa kipimo cha kidole. Siku hizi mara nyingi wanaanza na damu, lakini daktari akikihitaji kidole mkubalie. Ni dakika moja, na anagusa uvimbe ambao damu inaweza isiuseme.

Ikithibitika ni ukuaji wa kawaida, zipo dawa. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu na wengi huona nafuu ndani ya siku chache. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, ila inataka subira ya miezi. Hiyo ya pili hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo kila daktari atakayekupima baadaye mwambie unaitumia. Dawa zikishindwa kuna upasuaji wa kupitia njia ya mkojo. Unga wa kaka uweke pembeni leo. Hujui kilichomo, na kama mkojo unarudi nyuma kwenye figo, kila wiki unayoisubiri mizizi ni wiki ya figo kuumia.

Barabarani usibane mkojo mpaka kituo kijacho, simamisha gari. Chai na kahawa za jioni punguza. Ukipata mafua usinunue vidonge ovyo, vingine humziba kabisa mtu mwenye tezi. Na ukifika siku mkojo umegoma kabisa, au umetoka na damu, au una homa ya kutetemeka, au miguu inalegea ghafla, nenda hospitali saa ile ile.

Sasa mkeo. Tumbo lake limepasuliwa mara tatu akikuzalia, na leo anakosa jibu la salamu ukweni kwa siri aliyokutunzia miaka yote hii. Siri hiyo uliitoa wewe, kwa hiyo ni wewe wa kwenda kwa mama, si yeye. Usimtume shemeji wala mjumbe. Mwambie mama kwa mdomo wako kwamba uamuzi wa 2012 ulikuwa wako, uliufanya ili mama wa wajukuu zake asife, na kwamba maradhi haya ni ya tezi, kama ya baba.

Kaka yako naye usigombane naye. Muulize, mkiwa wawili tu, yeye usiku anaamka mara ngapi. Ni mkubwa kwako, ni mtoto wa baba yule yule, na hajafunga kitu. Siku ya kwenda kupima, mchukue mwende pamoja.