Maswali yenu kuhusu taka na urejelezaji

Safari hii nimechagua barua zinazohusu urejelezaji peke yake. Nimezifupisha, lakini makali yake nimeyaacha kama yalivyo.

Kila kukicha tunahimizwa kurejeleza. Kuna faida ya kweli, au tunajiliwaza tu?

Faida ipo na inapimika, ila hailingani kwa kila kitu. Chukua kopo la soda la alumini. Alumini mpya hutokana na boksaiti, mawe yenye madini yake, na kupata tani moja ya alumini huhitaji takriban tani nne za boksaiti. Ardhi lazima ichimbuliwe, madini yachemshwe kwa kemikali kali, kisha umeme mwingi ajabu utumike kuitenga alumini yenyewe. Kinachobaki ni tope jekundu linalochoma ngozi, nalo hulundikwa mabwawani miaka nenda miaka rudi. Kopo kuukuu halihitaji hayo yote. Huyeyushwa likawa alumini tena, kwa takriban asilimia 5 tu ya nishati ambayo ingetumika kutengeneza mpya. Mtu anayetupa kopo jaani anatupa pia umeme uliokwisha kulipiwa.

Chuma nacho kina faida kubwa, tena ni rahisi kukitenga kwa sababu sumaku hukichomoa kwenye lundo la taka. Kioo huyeyushwa mara nyingi bila kupungua ubora, lakini nishati inayookolewa ni ndogo: kila asilimia 10 ya vipande vya kioo vikichanganywa kwenye tanuru, matumizi ya nishati hushuka kwa takriban asilimia 3. Ndiyo maana chupa ya kioo inayooshwa na kujazwa tena ina manufaa zaidi kuliko ile inayovunjwavunjwa na kuyeyushwa. Kupunguza matumizi kwanza, kutumia tena pili, kurejeleza tatu. Mpangilio huo una sababu zake, na wauzaji wengi hupenda kuanzia mwisho.

Kila chombo cha plastiki nyumbani kina pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Maana yake vyote vinarejelezwa?

Hapana, na alama hiyo imewapotosha watu wengi. Mishale mitatu ilibuniwa mwaka 1970 na Gary Anderson, mwanafunzi wa Marekani, kwa ajili ya shindano lililohusu karatasi iliyorejelezwa. Mwaka 1988 viwanda vya plastiki vikaanza kutumia mishale inayofanana na hiyo pamoja na namba 1 hadi 7. Namba hutaja aina ya plastiki, basi. Haiahidi kwamba kuna kiwanda kitakachoipokea.

Kwa kawaida namba 1, ya chupa za maji na soda, na namba 2, ya madumu na chupa za sabuni, ndizo zenye wanunuzi wengi. Namba 5 hupokelewa baadhi ya mahali. Namba 3, 6 na 7 ni nadra kupata mnunuzi, na namba 3 ikichanganyika na namba 1 huharibu mzigo mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, ni takriban asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Kwa hiyo ulizia kwa wanaokusanya taka zako wanachukua namba zipi, na plastiki wasiyoichukua jitahidi usiinunue kabisa. Lawama nyingine naielekeza kwa watengenezaji: chombo chenye tabaka tatu za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja hakuna mlaji anayeweza kukitenganisha kwa mikono.

Lazima nioshe chupa na makopo kwa sabuni?

Huna haja. Mwaga kilichobaki, suuza kidogo kwa maji uliyokwisha kuoshea vyombo, yaache yakauke. Adui ni mafuta na mabaki ya chakula, kwa sababu hulowesha karatasi zilizo jirani na kuzifanya zisifae.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Mwalimu alisema karatasi moja inaweza kurejelezwa milele. Ni kweli?

Marahaba, mwanangu. Si milele. Karatasi imeundwa kwa nyuzi za mti. Kiwandani karatasi kuukuu hulowekwa na kuvurugwa ikawa rojo, wino ukaondolewa, kisha rojo likatandazwa na kukaushwa. Kila mzunguko nyuzi hukatika na kuwa fupi, na baada ya mara tano hadi saba huwa fupi mno kushikana. Karatasi nyeupe huweza kuwa gazeti, gazeti likawa boksi, boksi likawa trei ya mayai. Kwa hiyo nyuzi mpya huhitajika kila mara, lakini chache zaidi, na maji na nishati vinavyotumika hupungua. Karatasi yenye mafuta, iliyopakwa nta au plastiki, na risiti zile nyororo zinazochapwa kwa joto, usizichanganye na nyingine. Na kabla ya kuipeleka daftari yako, hakikisha umeandika kurasa zote, mbele na nyuma.

Mtaani kwetu watu wanaookota chupa na vyuma chakavu hufukuzwa kama wezi. Wana mchango gani?

Asante sana kwa swali hili. Benki ya Dunia inakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi kwa kuokota na kuuza taka. Katika miji mingi sehemu kubwa ya kinachorejelezwa hupitia mikononi mwao. Wanatembea, wanachambua, wanabeba, na mji hauwalipi chochote kwa kuupunguzia mzigo wa jaa. Mapato yao ni bei ya chuma, karatasi au plastiki siku hiyo, na ikishuka wao ndio wa kwanza kulala njaa.

Na jaa lenyewe linaua. Machi 2017 mlima wa taka wa Koshe, Addis Ababa nchini Ethiopia, uliporomoka na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wakazi wa vibanda vilivyokuwa kandokando yake. Tukizungumzia faida za urejelezaji kwa jamii, tuanzie hapo: taka chache jaani, na kazi yenye glavu, mizani ya haki na kitambulisho. Brazil ilipotunga sheria yake ya taka ngumu mwaka 2010, iliwatambua wakusanyaji hao na kuhimiza vyama vyao vya ushirika. Wewe unaweza kuanza na dogo: tenganisha vitu vyako ili mwokotaji asilazimike kupekua uchafu, vioo vilivyovunjika vifunge peke yake, na msalimie.

Nina simu mbovu na betri ya gari iliyokufa. Jirani anasema anaweza kuiyeyusha betri na kuuza madini ya risasi yaliyomo. Nimpe?

Tafadhali usimpe. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, huko Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegal, watoto 18 walifariki baada ya udongo wa mtaa wao kujaa vumbi la risasi lililotokana na urejelezaji holela wa betri. Sumu hiyo hushambulia ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Betri ya gari inarejelezeka vizuri sana, lakini kwenye kiwanda chenye vichujio vya moshi na wafanyakazi waliokingwa. Irudishe inakouzwa betri au kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Simu nayo ina dhahabu, fedha na shaba. Medali za Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye simu na vifaa vingine vya kielektroniki. Hata hivyo, kati ya tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Futa taarifa zako, ipeleke panapopokelewa vifaa hivyo, na usichome nyaya ili upate shaba. Moshi wake ni sumu.

Sina nafasi ya mapipa manne. Nikitenga kitu kimoja tu, kiwe kipi?

Mabaki ya jikoni. Taka za chakula na majani ni takriban asilimia 44 ya taka zote za majumbani na mijini duniani. Zikifukiwa jaani bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto dunia kwa nguvu nyingi kuliko hewa ya ukaa. Zikiozeshwa penye hewa huwa mboji. Ndoo moja yenye mfuniko inatosha. Changanya na majani makavu au vipande vya boksi ili isinuke, na pipa lako jingine litabaki kavu kiasi kwamba karatasi na chupa zilizomo zitapata mnunuzi.