Nani aliuchaji utando?

Msomaji wa Arusha, fundi wa mashine za kusafishia maji, ameletewa kipeperushi kisemacho: "Utando uliochajiwa hufukuza ioni zilizochajiwa hasi." Utando ndio kichujio chembamba cha mashine hizo. Anauliza aandike "ioni" au "ayoni".

Andika ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, hasi au chanya. Asili ya neno ni Kigiriki, kitu kinachokwenda, na mwanasayansi Faraday alilitia katika sayansi mwaka 1834. Wa "ayoni" sigombani nao, wamelisikia kwa Mwingereza. Ugomvi wangu ni na huyo wa "uliochajiwa".

Uliochajiwa na nani? Kauli ya kutendwa ina mtenda, hata akijificha. Chungu kilichovunjwa kina mvunjaji; kilichovunjika huenda kilianguka chenyewe. Simu yangu imechajiwa: niliipeleka kibandani, kijana akaichomeka, nikamlipa, na jioni ikazima nikarudi kwake tena. Haya, nionyesheni kibanda cha kuchajia utando. Waya unaingilia wapi? Na ukizima usiku wa manane, ioni zinapita zikicheka?

Utando huo, mwembamba mno kuliko ule unaoshika juu ya uji uliopoa, chaji yake imo mwilini mwake. Ukilowa tu, vikundi vya tindikali vilivyo katika plastiki yake huachia ioni za haidrojeni, na uso hubaki hasi. Floraidi, ile ya majini inayowatia watu wa Meru rangi ya kahawia menoni, nayo ni hasi, basi husukumwa nyuma. Salfeti, ioni nyingine hasi, yenye chaji mbili, husukumwa zaidi. Sodiamu ni chanya, kwa hiyo huvutwa. Lakini haiwezi kuvuka peke yake, maana kila upande wa maji sharti chanya na hasi zilingane. Husimama nje kama bwana harusi ambaye bibi harusi kazuiwa mlangoni. Ukitaka kuipunguza chaji ya utando, tia tindikali ya kutosha kwenye maji. Swichi hamna.

Kwa hiyo ni "utando wenye chaji hasi", na aliyeogopa kuandika "wenye" sijui alikuwa akiogopa nini.

Kuhusu "ioni zilizochajiwa", nimechoka. Ioni isiyo na chaji si ioni. Huyo ni mjane aliyefiwa na mumewe. Fundi, kata neno hilo kwa kalamu nyekundu, ubakize "ioni hasi", kisha ubandike kipeperushi chako ukutani.