Jaji aliyeandika mchezo akaficha jina

SWALI: Mhariri salamu. Nilisema kijiweni kuwa Marekani ya zamani kulikuwa na jaji anaandika michezo ya kuigiza, jamaa wakanicheka eti jaji na maigizo wapi na wapi. Nani mkweli hapo?

JIBU: Wewe. Huyo ni Royall Tyler, mzaliwa wa Boston 1757, wakili aliyesoma Harvard. Na kichekesho ni kwamba kwao Massachusetts maigizo yalikuwa marufuku kisheria tangu 1750! Mwaka 1787 akatumwa New York kikazi, huko akaonja maigizo, mzuka ukampanda, na wiki chache tu baadaye mchezo wake The Contrast ukawa jukwaani, tarehe 16 Aprili, ndio komedi ya kwanza ya Mmarekani kuigizwa na waigizaji wa kulipwa.

Humo kuna kijana wa shamba anaitwa Jonathan, yuko na bosi wake kanali lakini ole wako umwite mtumishi. Kwao kafundishwa kwamba ukumbi wa maigizo ni sebule ya shetani, sasa siku hiyo anatafuta mtu wa mazingaombwe, anafuata umati mpaka ndani, pazia linafunguliwa, yeye anadhani anachungulia nyumba ya jirani na watu wanagombana mambo yao ya ndani, mwisho anataka arudishiwe hela maana hajaona shoo yoyote. Mimi naona hapo Tyler alikuwa anawacheka watu wa kwao kabisa. Kitabu kilipochapwa 1790 jina lake halikuwekwa, kiliandikwa tu kuwa ni cha raia wa Marekani, japo George Washington mwenyewe alikuwemo kwenye orodha ya walioagiza nakala.

Ujaji ulikuja baadaye, akiwa kashahamia jimbo la Vermont, na 1807 mpaka 1813 alikuwa Jaji Mkuu kule. Ila kesi ninayoikumbuka mimi ni ya 1802, akiwa jaji lakini bado hajawa Jaji Mkuu. Mama mmoja mtumwa, Dinah, alinunuliwa 1783, akatumikishwa miaka hadi akawa mgonjwa na kipofu, akaachwa mzigo kwa mji wa Windsor, basi mji ukamshtaki mnunuzi alipe gharama. Tyler akasema katiba ya Vermont haitambui utumwa, kwa hiyo ile hati ya mauzo ni karatasi tu, haifai hata kuwa ushahidi. Safi eeh? Lakini kama hakuna hati basi hakuna mmiliki wa kudaiwa, yule bwana akatoka bila kulipa kitu, na huyo mnunuzi mwenyewe alikuwa jaji wa mahakama hiyohiyo.