Tairi za A/T au M/T kwa pikapu ya kubeba simiti

Umeuliza ufunge tairi gani: A/T (all-terrain, ya lami na vumbi) au M/T (mud-terrain, ya matope yenye meno makubwa). Chukua A/T, kaka. Kutoka Mombasa mpaka Mariakani unakanyaga lami, na M/T kwenye lami hupiga kelele, huisha upesi na hushika vibaya barabara ikilowa. Vumbi na mawe ya njia za ndani huko Kinango A/T inayamudu. Matope ya masika pia, kama meno bado ni marefu. M/T inafaa kwa anayeshinda shambani.

Lakini watu hubishana meno wakasahau uzito. Angalia namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi baada ya saizi: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900 tu. Wewe wa simiti usishuke chini ya namba ya tairi zilizokuja na gari, hata muuzaji aapie vipi.

Halafu soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya ubavuni inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nafunga tairi hapa Changamwe na naletewa "mpya" zilizokaa stoo miaka, mpira umeshaanza nyufa kwa joto hili letu. Hizo hata kwa bei ya kutupa, mimi sichukui.