Gari linaniambia nini?

SWALI: Yaya, mimi ni fundi wa magari hapa Majengo, Goma. Mengi tunayotengeneza yametoka Japani, usukani uko kuume. Ukiwasha tu, mwanamke anaanza kuongea humo ndani, na kioo kinajaa maandishi. Nimechoka kubahatisha. Nataka kujifunza Kijapani, ila rafiki amenitisha kwamba herufi zao zinapita 2,000. Nianzie wapi?
Fundi wa Majengo

JIBU: Fundi, yule mama mara nyingi husema: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Analalamika kwamba kadi ya ETC haijachomekwa. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Kutoka Goma hadi Sake hakuna atakayeidai, mwache apige kelele.

Rafiki yako hakudanganya. Orodha ya serikali yao ya mwaka 2010 ina kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, 2,136. Ziache kwanza. Vitabu vingi humwanzisha mtu na hiragana, herufi za sauti wanazoandikia maneno yao wenyewe. Wewe ningekuanzisha na katakana, herufi 46 za msingi wanazoandikia maneno ya kigeni, maana gereji yako imejaa maneno hayo. エンジン ni enjin, タイヤ ni taiya, ブレーキ ni bureeki. Umeona? Yasome kwa sauti, mengine utayatambua bila kamusi. Lililonishangaza mimi ni ハンドル, handoru: ndio usukani. Andika herufi tano kila jioni, kwa kalamu na daftari. Simu itakula mega zako na mkono usijue kitu.

Irabu zao ni tano kama zetu, a, i, u, e, o, kwa hiyo ulimi hautakusumbua sana. Shida iko kwenye urefu. Sisi tunavuta silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kujisikia. Kwao ukivuta, umebadili neno. Obasan ni shangazi, au mama yeyote wa makamo. Obaasan ni bibi. Hapa Bukavu niliwahi kumsalimia mgeni wa Kijapani kwa heshima zangu zote, nikavuta ile "ba" Kiswahili-Swahili, nikamzeesha mbele ya watu. Alicheka. Mimi chai haikunipita kooni.

Jambo jingine: ukikutana na Mjapani usimwambie tu "Goma kara kimashita", nimetoka Goma. Kwao goma ni ufuta. Sema "Kongo no Goma".