Mlango wa pikapu mpya usiolingana na bodi

Ndugu, kwa kuwa unasema mlango wa nyuma wa pikapu yako mpya umetokeza nje ya bodi na gari bado lina waranti, usimruhusu fundi bodi wa mtaani alegeze hata nati moja kabla muuzaji hajauona, kwani atapata kisingizio cha kukataa kuurekebisha bure. Piga picha za mianya kati ya mlango na bodi, uipime kwa rula juu na chini. Kisha fungua mlango uuinue kwa ukingo wake: ukicheza, huenda bawaba zimelegea, usipocheza, mara nyingi kinachohitaji kusogezwa ni kile chuma cha kwenye nguzo ya bodi kinachoshikwa na kitasa mlango ukifungwa, kazi ndogo kabisa. Mwanya unaopanuka kuelekea juu, hata hivyo, huweza kuashiria bawaba zilizofungwa vibaya au, jambo baya zaidi, nguzo iliyogongwa gari likisafirishwa, na hapo udai ripoti ya ukaguzi kwa maandishi.